Ramani Iliyotaja Mahari

Kaka yangu Nehemiah Kemboi haamini kitu ambacho hajakikanyaga. Ng'ombe hamnunui mpaka amfungue mdomo aone meno, ambonyeze kiwele, kisha amzunguke nyuma aangalie anavyotembea. Siku tulipokwenda kumposa Edah, mke wake, nilimnong'oneza kwamba huyu hazungukwi. Hakucheka. Kicheko cha Nehemiah unakisubiri kama maji ya mfereji kwetu Matisi: unaweka ndoo, unaenda zako, siku moja yatakuja.

Basi binti yake Chepngeno alipopata nafasi ya kusomea uuguzi katika Chuo Kikuu cha Nasimbo, upande wa Bungoma, sisi wengine tulipiga vigelegele. Yeye aliuliza swali moja.

"Umekikanyaga?"

"Nimekiona kwa simu, baba."

"Sijauliza kukiona."

Kulikuwa na chuo kingine hapa Kitale mjini, ambacho kingemfundisha kompyuta na kumrudisha nyumbani Endebess kila jioni. Nehemiah alikipenda kwa sababu hiyo ya jioni tu; kompyuta zenyewe hakuzijali. Lakini Chepngeno hakutaka kompyuta. Tangu akiwa mdogo alikuwa anamshikia baba yake ndama wanapozaliwa, mikono imeloa hadi viwiko, haogopi chochote, na siku zote alisema akikua atafanya hivyo kwa watu.

Nehemiah akatoa hukumu yake. "Tutaenda Jumamosi. Nikiona kitu kimoja kibaya huko Pungoma, kimoja tu, utasoma hapa Kitale na hayo maneno yameisha."

Ndiyo, husema Pungoma. Kwetu B ikifika mdomoni kwa wengine huteleza ikatoka P, na kwa kaka yangu huteleza kila siku. Nikiandika kila P yake tutakesha, kwa hiyo nakuomba uziweke mwenyewe. Watu wa Bungoma nao wana lao: L na R kwao ni mapacha wasiotofautishwa hata na mama yao. Mimi ninashona yunifomu hapa Matisi, na nimeshonea watoto wa majirani zangu sketi za "bruu" mpaka nimesahau rangi hiyo inaitwaje.

Usiku wa Ijumaa Chepngeno alinipigia simu.

"Senge, kuja na sisi," akasema. Senge ni shangazi, na mimi ndiye mkubwa wao wote. "Wewe ndiye anakusikiaga."

"Hanisikii. Ananiogopa."

"Si hiyo ni hiyo tu?"

Kweli, Nehemiah nilimbeba mgongoni akiwa mtoto. Ana haki ya kunibishia, hana haki ya kunishinda. Nikafunga cherehani, nikaenda.

Tulisafiri kwa pikapu yake ya maziwa, madumu matupu yakigongana nyuma. Bungoma mjini Nehemiah alikataa kabisa Chepngeno atumie simu kutuonyesha njia. Alimuuliza mtu wa boda chuo kikuu kiko wapi, mtu wa boda akamwonyesha kwa moyo wote, na tukafika Kibabii. Chuo kizuri, lakini si chetu. Nehemiah alilisoma jina pale langoni, kisha akasema aende amuulize mwingine. Nikamwambia mpe mtoto njia. Tukapewa njia, tukafika Nasimbo bila kuuliza mtu tena.

Langoni palikuwa na askari na ubao mkubwa. Ubaoni kulikuwa na kile kimraba chenye madoadoa meusi ambacho simu hukisoma.

"Mnapiga picha hii," askari akasema. "Ramani inafunguka. Mkifika kila mahali, sauti inawaelezea. Mzee unajitembeza mwenyewe."

"Nijitembeze?" Nehemiah akasema. "Mimi ni mgeni. Kwangu mgeni hajitembezi. Mwenyeji anamshika mkono anampeleka."

Nikaona uso wa Chepngeno umeanza kushuka. Hatujaingia hata lango, kitu kimoja kibaya kimeshapatikana.

"Zamani tulikuwa tunawapeleka, mzee," askari akaeleza. "Wageni arubaini, mtu mmoja anaongea mbele. Wa nyuma walikuwa wanaona migongo tu."

Mimi nikamvuta kaka yangu kando. "Wewe mgeni akija kwako Endebess unampeleka wapi?"

"Namuonyesha ng'ombe."

"Na ile choo yako yenye mlango umeanguka?"

Akaikaza kofia yake kichwani.

"Sasa hawa wamekupa ramani ya boma lote, na choo imo. Hakuna mtu wa kukushika mkono akugeuze uso."

Nikaona jicho lake limewaka. Alichukua ile simu kwa binti yake kama mtu aliyepewa ufunguo wa ghala la jirani.

Lakini simu ya Chepngeno ilikuwa imewahi kuanguka ndani ya ndoo ya maziwa, na tangu siku hiyo spika yake ilikuwa inakoroma tu. Ikabidi tutumie waya za masikioni. Nehemiah akaweka moja sikio lake la kulia, mimi nikaweka nyingine sikio langu la kushoto, na tukaanza kutembea tumefungwa pamoja kama ng'ombe wawili wa kulima. Akisimama, nasimama. Akigeuka ghafla, sikio langu linamfuata. Chepngeno alitangulia mbele. Alisema hawezi kuangalia uso wa baba yake.

"Kalibuni sana Nasimbo!" sauti ikasema, ya kijana mchangamfu. "Mimi naitwa Wekoye, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nitawapereka mahari moja mpaka nyingine, pore pore. Mukichoka, kaeni. Hakuna halaka."

"Huyu ni wa Sirisia," nikasema.

"Ama Chwele," Nehemiah akasema. Alikuwa anamsikia vizuri kabisa. Nataka ukumbuke jambo hilo. Mtu wa Kitale hawezi kukuambia hajui watu wa Bungoma wanavyosema.

Tukaanza. Na lazima niseme, mimi ambaye sipendi kusifu vitu vya simu, ile ramani ilinifurahisha. Kila mahali pana kidoti chekundu. Ukikigusa, Wekoye anaamka. Maktaba, Wekoye anakuambia kiti kipi kina jua asubuhi. Zahanati, anakuambia siku gani foleni ni fupi. Nehemiah alisikiliza kila kitu, kisha akakagua kila kitu. Alibonyeza viti. Alifungua mifereji. Alipiga ukuta wa darasa kwa ngumi na kutega sikio. Alimaliza vyoo vyote vya upande wa mashariki, kimoja kimoja, mimi nikimsubiri nje na waya mkononi, na kila alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyekosa alichokifuata.

"Vipi?" nikauliza.

"Safi," akasema kwa uchungu.

"Mchagua jembe si mkulima, Nehemiah."

Akaliona tangi la maji nyuma ya majengo, mbali na vidoti vyote. Akakata nyasi kwenda kulitazama, mimi nikivutwa na sikio. Simu ikatoa mlio.

"Umetoka njiani, mzazi," Wekoye akasema. "Tafadhari ludi."

"Mwambie asinifundishe kutembea," Nehemiah akasema, akaendelea mpaka akagonga tangi. Lilikuwa limejaa.

Kulikuwa pia na chumba cha mafunzo ya uuguzi. Ndani yake palikuwa na vitanda, na juu ya vitanda sanamu za watu zimefunikwa mashuka mpaka kidevuni. Chepngeno aliingia akasimama kando ya kitanda kimoja, akaweka mkono juu ya paji la uso la ile sanamu, kama vile anaangalia kama ina homa. Hakujua tunamwona. Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa ameangalia ule mkono, na uso wake ulikuwa umeharibika kabisa. Akatoka haraka, sikio langu nyuma yake.

Nafikiri ni pale hofu ilipomshika kweli. Choo ni safi, tangi limejaa, ukuta ni mgumu, na mtoto amesimama mahali pale kama amezaliwa hapo. Alibakiwa na vidoti vichache tu vya kumwokoa.

Kidoti kilichofuata kilikuwa bwalo la chakula. Mpaka hapo tulikuwa tunasikiliza tu, lakini sasa Nehemiah alivaa miwani ili asome pia. Chini ya kila kidoti palikuwa na maandishi. Akasoma, akasimama. Nikasimama.

"Jepkosgei. Soma hapa."

Nikasoma. MAHARI YA KURIA.

"Wakuria wamefikaje hapa?" akauliza. "Na mahari yao inatafuta nini chuoni? Si wale ndio wanasifika kwa ng'ombe wengi?"

Mlangoni ilikuwa inatoka harufu ya maharagwe yenye vitunguu, na mimi nikaelewa papo hapo. "Mahali ya kulia, wewe. Ni bwalo. Si unasikia harufu? Huyo ni Wekoye na ulimi wake."

"Ulimi unateleza, nimekubali," Nehemiah akasema, na akainua kidole. "Mkono nao? Hii imeandikwa. Chuo kikuu kinaandika mahari na hakijui maana yake?"

Akasogeza ramani kwa kidole, akagusa kidoti kingine, na maandishi yakatokea mbele ya macho yetu wawili: MAHARI YA WASICHANA. Na Wekoye, kwa furaha yake ileile, akatuambia masikioni: "Hapa ni mahari ya wasichana. Wazazi munaombwa muzungumze na mama kabra ya kuingia."

"Wazazi," Nehemiah akasema polepole. "Muzungumze. Na mama."

"Nehemiah."

"Hayo si ndiyo mazungumzo? Wazazi wanakaa chini, wanazungumza, mahari inatajwa. Ama kuna nyingine?"

Akaondoka kwa hatua ndefu. Kama hujawahi kuvutwa na sikio kupitia uwanja wa chuo kikuu mbele ya vijana wa watu, mshukuru Mungu wako.

Mama mwenyewe tulimkuta kwenye kibaraza cha bweni la wasichana, amekaa kitini anachambua mboga. Alikuwa mtu wa mwili, na kitambaa chekundu kichwani. Alijitambulisha kuwa Nabwile, msimamizi wa bweni. Chepngeno alikuwa amepita mbele, ameenda kuangalia nyaya za kuanikia nguo. Nehemiah alivua kofia, maana ni mtu wa heshima hata akiwa na hasira, na akaanza kama mzee anavyoanza.

"Mama, hamjambo hapa."

"Hatujambo, baba. Kalibu."

"Nimekuja juu ya mahari ya wasichana."

"Aaa, mahari iko!" Mama Nabwile akasema kwa uchangamfu. "Iko ya kutosha. Rakini zinaisha upesi. Mwaka jana wasichana wengine walikosa kabisa, wakaenda kutafuta huko nje kwa watu."

Nehemiah alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshaona tunakoelekea, na nilifungua mdomo niseme, lakini kicheko kilinikaba kooni nikaanza kukohoa.

"Kwa hivyo nyinyi ndio mnapanga," Nehemiah akasema.

"Si ndio kazi yetu? Wako unataka tumpangie ya watu wawiri ama ya watu wanne?"

"Watu wanne!"

"Wanne ni sawa tu, baba, wanazoeana. Ati wanasaidiana hata kupika."

Kofia ya Nehemiah ilikuwa inazungukazunguka mikononi mwake. Alivuta pumzi. "Na nani analeta hiyo mahari? Upande wa kijana?"

"Kijana gani?" Mama Nabwile akasema kwa ukali. "Hapa hakuna vijana! Anareta ni mzazi ya msichana."

"Mzazi wa msichana ndiye analeta?"

"Siku zote."

"Analeta nini?"

"Godoro," Mama Nabwile akasema, akihesabu kwa majani ya mboga. "Branketi. Ndoo. Na kufuri yake mwenyewe, isiwe ya kuazima."

Naapa nilijaribu. Nilishika nguzo ya kibaraza, machozi yananitoka, na neno halikuja.

"Ndoo," Nehemiah akasema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Binti yangu, ndoo na kufuli. Na ng'ombe?"

"Ng'ombe!" Mama Nabwile akasimama, mboga zikamwagika. "Bana, ng'ombe ya nini? Hapa haturuhusu hata paka!"

Hapo ndipo Chepngeno alipofika, akitabasamu, na kukuta baba yake anavaa kofia.

"Twende nyumbani," Nehemiah akamwambia. "Nimeona."

Tabasamu likamtoka Chepngeno taratibu. "Umeona nini, baba?"

"Hicho kitu kimoja."

Chepngeno alimwelewa. Macho yake yalijaa, akayageuzia ukutani, na mimi kicheko changu kikaisha kama mtu amekizima. Nikasema sasa basi, nitamshika huyu mwanaume sikio lile lingine. Lakini Nehemiah alikuwa hajamaliza. Alitaka malalamiko yake yafike kwa wakubwa. Chini ya ramani palikuwa na alama ya kipaza sauti, na maneno ya kumwomba mgeni atoe maoni kwa kuongea, simu itayaandika yenyewe. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akanyoosha mgongo, akasema mbele yetu sote kwa sauti ya mkutano wa chifu:

"Mimi ni papa wa Chepngeno. Nimeona mampo mapaya hapa."

Simu ikafikiri. Kisha ikaandika. Akavaa miwani asome kabla ya kutuma, maana hatumi kitu asichokikagua, na akabaki ameikodolea macho. Chepngeno akainua shingo kuchungulia, akajifuta uso kwa mkono wa sweta, na akasoma kwa sauti:

"'Mimi ni Papa. Nimeona mapapai hapa.'"

Akaigeuza simu ili sote tuone.

"Papa?" Mama Nabwile akauliza, na mkono wake ukaenda kifuani kwa ishara ya msalaba. "Ya Roma, ama ile samaki inakulanga watu?"

Akamkagua Nehemiah kuanzia kofia mpaka viatu.

"Na kama ni mapapai," akaendelea kwa huruma, "hapa hakuna. Nenda soko ya Chwele."

Ilianzia mabegani. Mimi ninamjua tangu yuko mgongoni kwangu, na nilijua kinachokuja kabla yeye hajajua. Mabega yakatikisika, kofia ikaanguka, na kaka yangu Nehemiah Kemboi akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi ya bweni la wasichana, akacheka mpaka wasichana wakachungulia madirishani. Yalikuwa maji ya miezi mingi, yote siku moja.

"Kwa hivyo huyu Wekoye," akasema alipopata pumzi, "na yeye aliongea tu?"

"Aliongea, mashine ikaandika," Chepngeno akasema. "Inaandika vile imesikia. Mahari ni mahali, baba."

"Si ndiyo nimesema saa yote?" Mama Nabwile akalalamika, akiokota mboga zake. "Mahari!"

Tukacheka tena, na nilidhani mambo yameisha vizuri. Lakini Nehemiah hakuinuka. Alikaa pale kwenye ngazi akifuta miwani kwa shati, akaifuta kupita kiasi.

"Jepkosgei," akasema, na hakuniangalia. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua vile wanaongea. Si Kitale tunaishi na wao? Lakini nimetafuta kwa choo, nimekosa. Kwa tangi, nimekosa. Nilipoona hiyo mahari imeandikwa nilifurahi. Unanisikia? Nilifurahi. Nikasema, asante Mungu, nimepata, huyu mtoto haendi." Akavaa miwani. "Nani atanishikia ndama?"

Mimi nina mdomo, kila mtu Matisi atakuambia, lakini pale nilijishughulisha kukunja ule waya wa masikioni. Niliona aibu hata ya kusimama pale nikisikiliza.

Chepngeno alikaa kwenye ngazi kando ya baba yake. Hakumwambia maneno matamu. Alichukua simu, akaibana ile ramani kwa vidole, ikajikunja: bweni likawa kidoti, chuo kikawa kidoti, ikaingia Bungoma, ikaingia Kamukuywa, Kiminini, Kitale, mpaka Endebess ikatokea juu kabisa ya kioo.

"Ni vidole viwili, baba," akasema. "Ona."

"Vya nani? Vyako ama vyangu?"

"Weka chako."

Akaweka. Kidole cha Nehemiah kimekamua ng'ombe tangu utotoni, ni kinene kama gunzi la mahindi. Kilifunika safari yote, kutoka zizini kwake mpaka pale tulipokaa, na bado kikabaki. Alikitazama kidole chake muda mrefu.

Kisha akainuka, akaokota kofia, akamgeukia Mama Nabwile. "Mama, rudia. Ulisema godoro, blanketi, ndoo, na nini?"

"Kufuri."

"Kufuli," Nehemiah akasema, akimtazama binti yake, "tutanunua Kitale."

Chepngeno alipiga kelele ambayo nilifikiri itavunja madirisha. Mama Nabwile alimkumbatia, kisha akanikumbatia mimi, kisha akamfuata Nehemiah, ambaye alirudi nyuma mpaka akagonga nguzo. Yale maoni yake hayakufutwa. Alisema kama amekagua ni lazima atoe ripoti, akabonyeza, na Papa aliyeona mapapai akaenda kwa wakubwa vilevile alivyoandikwa, pamoja na jina na nambari ya simu.

Walimpigia, baada ya wiki kadhaa. Kumbe hakuna mtu aliyewahi kuyakagua yale maandishi; wenyeji hawakuona kosa, na wageni walicheka wakaenda zao. Wakasema watarekodi upya sauti na maandishi yatakaguliwa na mtu. Chepngeno alikuwa ameshaingia chuoni wakati huo, na akaombwa asaidiane na Wekoye. Nehemiah aliposikia hivyo alinipigia saa hiyohiyo.

"Huyo Wekoye," akasema, "kwao wana ng'ombe wangapi?"

"Ni kurekodi tu, Nehemiah."

"Nimeuliza tu."

Majuzi nilipanda Endebess kupeleka sketi za shule. Edah aliniambia mume wake yuko zizini, nikaenda kumsalimia. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima na alikuwa anakamua, kichwa amekiegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na ndani ya mfuko alikuwa anaongea Chepngeno. "Karibuni Nasimbo, mahali petu," alikuwa anasema, kwa furaha kabisa.

Nehemiah hakuacha kukamua. "Umesikia hapo?"

"Amesema mahali vizuri kabisa. L imenyooka."

"Sio hiyo. Amesema petu."

Nikamwambia nimesikia. Maziwa yakaendelea kupiga ndoo. Nilimuuliza ramani ya chuo anaitaka ya nini huku zizini, na alisema ni ya kusikiliza tu. Kisha akainuka kumfungulia ndama upande wa pili, na simu, ambayo ilikuwa imechoka kumtafuta kule Nasimbo, ikatoa mlio.

"Umetoka njiani, mzazi," mtoto wetu akasema. "Tafadhari rudi."

Tafadhari. Muhula mmoja tu. Nilimtazama kaka yangu tucheke pamoja, lakini alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja kwa ndama, mwingine juu ya mfuko wa shati.

"Rudi wewe kwanza," akaiambia.